Watoto wa awali wanaandika "Naona kuku" kitabu kizima: wanaandika au wamekariri?

#1 Madamu wa Tandahimba
Habari za jioni wakuu.

Nafundisha awali huku Tandahimba, jina la shule niliache. Darasa limevuka watoto themanini na vitabu vya hadithi havitoshi hata madawati ya mbele. Nikaamua kutengeneza changu: nimekata salfeti, yale magunia ya plastiki, nimechora kwa makapeni, nimeshona upande mmoja kwa uzi wa gunia. Kila ukurasa una picha moja kubwa na sentensi moja. Naona kuku. Naona mbuzi. Naona ndoo. Naona mkorosho. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Tunasoma wote kwa sauti, napitisha kijiti chini ya kila neno. Wakishakizoea, kila mmoja anapewa nusu karatasi, anachora kitu chake, anaandika Naona, halafu anahangaika mwenyewe kuandika jina la alichochora. Karatasi zote tunazishona pamoja. Hicho kitabu chao ndicho wanachogombania, changu hawakitaki tena.

Majuzi alipita mgeni kuangalia masomo. Akageuza salfeti juu chini, watoto wakaendelea "kusoma" bila kukwama. Akaniambia hawa wamekariri, nirudi kwenye irabu na silabi, sentensi zingoje darasa la kwanza.

Swali langu: mtoto anayeandika Naona halafu akaongeza neno lake mwenyewe, anaandika au amekariri? Nawasilisha.

#2 Ming'oko
Natandika mkeka hapa, nasubiri wenye fani yao.

#3 Njomba Original
Mgeni kasema kweli. Mpwa wangu hapa Chikongola anakusomea kitabu kizima huku macho yake yapo kwenye katuni za tivii. Ukimfunika picha anakuuliza "hapo pana nini?" Huko ni kusoma?

#4 Mzee wa Chaki
Nimestaafu ualimu, nipo Nachingwea. Mwanangu madamu, nakupongeza kwa juhudi ila njia umeianzia juu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika a e i o u, akaja ma me mi mo mu, akaenda ba be bi bo bu, basi anaandika neno lolote hata asilolijua maana. Hayo ya kuangalia picha na kubahatisha ni ya Waingereza, maana herufi zao hazitabiriki. Na wenyewe wameyaacha: 2006 ripoti ya Jim Rose kule Uingereza iliwataka walimu waanze na sauti za herufi, moja baada ya nyingine. Sisi wenye lugha nyoofu tunayaokota ya nini?

#5 Msomaji wa Shangani
Mzee #4 shikamoo. Hoja ya silabi naikubali, historia kidogo niongezee. Vitabu vikubwa vya kusomwa na darasa zima, vyenye maneno yanayojirudia, vilivuma zaidi kutokea New Zealand. Don Holdaway aliandika kuvihusu 1979. Shabaha yake haikuwa kubahatisha. Alitaka mtoto wa darasani apate kile anachopata mtoto wa mwenye vitabu akipakatwa na mzazi usiku: aone maandishi kwa karibu, ajue yanaanzia wapi yanaelekea wapi, ajue kila neno linalotamkwa lina alama yake pale. Kijiti cha madamu ndiyo kazi yake hiyo.

Waingereza waligombana juu ya kusoma. Madamu kauliza kuandika.

#6 Mzee wa Chaki
Marahaba. Kuandika bila kusoma ni kuchora.

#7 Mama Lulu Lindi
Jamani wa kwangu yupo darasa la kwanza hapa Lindi mjini. Silabi anazo zote, ukimwambia "andika ba" anaandika, "andika ta" anaandika. Mwambie "andika bata" ananiangalia mimi! Mpaka nimtamkie vipande. Mwalimu wake alifuata ngazi ileile ya #4. Kwa hiyo hata ngazi ina mahali inakatika.

#8 Njomba Original
Mama Lulu huyo anakutegea tu. Anajua mama atatamka.

#9 Fundi Maneno
Nimeisoma hiyo sentensi ya madamu kwa jicho la herufi. Naona: herufi tatu tu, n, a, o. Silabi zote wazi, na, o, na. Konsonanti ni moja, imejirudia. Sasa mtoto wa awali, hata kwa ngazi ya Mzee wa Chaki, akishika irabu na silabi za n, nusu ya kila sentensi anaimudu bila kubahatisha. Angechagua "Ng'ombe anakimbia" tungekuwa na uzi mwingine hapa.

Madamu, uliichagua makusudi au imetokea?

#10 Madamu wa Tandahimba
Makusudi #9. Mwanzo nilifikiria "Hiki ni". Nikaona matatizo mawili. La kwanza, nikisema hiki ni, kesho nataka kuku, inabidi huyu ni, keshokutwa ndoo, hii ni. Sentensi inabadilika kabla mtoto hajaizoea. La pili, ki ya huku inageuka chi midomoni, nilijua nitapata "hichi". Naona haijali ngeli, unaweka chochote mbele yake.

#11 Msomaji wa Shangani
Hapo #10 pamenifungua. Vile vitabu vya kigeni vya wanyama na rangi, kila ukurasa mnyama na rangi yake, ukivileta kwetu vinavunjika. Kwao rangi haibadiliki. Kwetu paka mwekundu, kiti chekundu, embe jekundu, nyumba nyekundu, halafu unafika kwenye kijani neno haligeuki kabisa. Mtoto wa miaka mitano unamdai asome na aandike upatanisho wa kisarufi kwa pamoja.

#12 Ticha wa Masasi
Upatanisho mtoto anao mdomoni tangu ana miaka mitatu, usimwonee huruma. Nilifanya cha rangi na darasa la pili wakakimudu. Ila hao ni la pili, na wengine wao nyumbani ni Kiyao na Kimakua, wachache walinipa "kiti nyekundu".

#13 Bandarini
Madamu tuwekee mifano ya walichoandika tuone. Maneno matupu hayavunji mfupa.

#14 Madamu wa Tandahimba
Picha sitaweka, ni watoto wa watu. Nanukuu walivyoandika, herufi kwa herufi:

naonakuku (bila nafasi, wengi wanaanza hivi)
naona baba na pikipiki
naona mabibo
naona chikapu
naona nchumali
naona madamu anakula muhogo

Huyo wa mwisho nilimkuta anacheka peke yake.

#15 Njomba Original
NCHUMALI! 😂😂😂 Wakuu huyu mtoto ni wa kwetu halisi, apewe shamba la urithi leo hii.

#16 Ming'oko
Njomba umepata mrithi. Na chikapu chake.

#17 Bandarini
Tandahimba oyee. Msumari wenyewe umepinda kwa kicheko.

#18 Fundi Maneno
Chekeni, lakini jibu la uzi limo humo. Kwenye salfeti ya madamu hakuna msumari, na kama ungekuwepo ungeandikwa msumari. Huyu mtoto kaandika n kwa sababu mdomoni mwake na mwa mama yake ile sauti ya mwanzo ni n. Kaandika ch kwa sababu anasikia ch, na li kwa sababu huko r na l ni ndugu. Kapasua neno lake vipande, kila kipande kakitafutia herufi. Aliyekariri hawezi kukosea hivyo, aliyekariri hukosea kwa kuandika kuku penye picha ya msumari.

#19 Mzee wa Chaki
#18 umenena na sitabisha kwamba mtoto amesikiliza. Ila nani kamfundisha kwamba n na ch zinaandikwa vile? Madamu anafundisha herufi asubuhi, nina hakika. Basi sifa ni ya herufi, salfeti imepewa sifa isiyo yake.

Pili, nchumali ukiiacha leo itakufuata mpaka mtihani wa darasa la nne. Nimesahihisha hizo karatasi. Ukimwachia mtoto akazoea, kumtoa ni kazi.

#20 Madamu wa Tandahimba
Mzee ni kweli herufi nafundisha kila asubuhi, hilo sikulificha, niliona linaeleweka. Nchumali sikuifuta kwenye kitabu chao. Nyuma ya karatasi niliandika kwa penseli msumari, tukasoma pamoja, akasema "ya madamu na ya kwangu". Tukaendelea.

#21 Pwani Kilwa
Mimi nina maelezo mengine kabisa. Hao watoto mmesahau wanatoka chuoni, yaani madrasa, mchana. Sisi Kilwa Kivinje tulihifadhi sura fupi kabla hatujajua alifu ni ipi. Baadaye ustadhi akikuonyesha mstari, ulimi unajua kinachokuja, jicho linafuata. Kukariri kulitangulia na kusoma kukaja. Salfeti ya madamu ni chuo kilekile.

#22 Ticha wa Masasi
#21 chuo gani hicho? Tulichosoma sisi unaanza alifu, bee, tee, unaingia fataha, kasra, dhumma, na bakora ipo pembeni. Hiyo ni silabi ya Mzee wa Chaki kwa Kiarabu. Sura mnahifadhi, ndiyo, ila kwa mdomo, ni somo lake.

#23 Pwani Kilwa
Vilikwenda pamoja ndugu yangu, saa ileile, jamvi lilelile. Usitenganishe leo kwa sababu ya uzi.

#24 Mama Lulu Lindi
Hilo la chuo limenikumbusha, Lulu alipoanza shule alikuwa anaanzia kulia mwa daftari. Jina lake linasomeka ukiliweka mbele ya kioo. Nikadhani ana tatizo la akili, kumbe kachanganya vyuo viwili.

#25 Madamu wa Tandahimba
Mama Lulu kwangu wapo. Ndiyo maana kila ukurasa wa salfeti nimeweka nukta nyekundu pale Naona inapoanzia. Na kwenye karatasi zao nawawekea nukta. Baada ya muda wengi wanaiweka wenyewe kabla ya kuandika.

#26 Mdau wa Elimu
Kwa faida ya wengi: mtaala wa KKK ulipoanza 2016 ulitaka watoto wa chini wajikite kusoma, kuandika na kuhesabu. Na ule mradi wa Tusome Pamoja hapa Lindi ulileta vitabu vya hadithi fupifupi vya aina hii. Viko wapi sasa?

#27 Msomaji wa Shangani
Masahihisho mawili #26. Mtaala wa KKK wa darasa la kwanza na la pili ni 2015. 2016 ni mwaka wa elimu bila ada, ndipo madarasa yalipofurika. Halafu Tusome Pamoja, wa Wamarekani, ulikuwa Mtwara, pamoja na Ruvuma, Iringa, Morogoro na Zanzibar. Lindi mlikuwa na EQUIP-Tanzania, fedha za Uingereza. Ule ndio ulikuwa na utayari wa kuanza shule, watoto wanakaa na mwalimu msaidizi kutoka kijijini, wanasimuliwa hadithi kwa Kiswahili kabla ya darasa la kwanza, kwa sababu wengi nyumbani hawakisemi sana.

#28 Mdau wa Elimu
Ahsante, nilichanganya mikoa. Swali linabaki, vitabu viko wapi?

#29 Bandarini
Kabatini ofisini, vimefungiwa visichafuke.

#30 Mkulima Nanyamba
Nasoma kimya ila kuna jambo la hatari hapa. Madamu, hizo salfeti za nini? Kama ni zile za salfa ya kupulizia mikorosho, ziondoe darasani haraka. Lile vumbi haliishi kwenye nyuzi hata ukifua, likiingia machoni mwa mtoto ni kilio. Mwaka jana jirani yangu alishonea godoro, familia nzima ikajikuna.

#31 Madamu wa Tandahimba
Za unga wa ngano, naomba kwa mwuza maandazi. Ila umefanya vizuri kusema, maana walimu wengi huku wanazitumia zozote wanazozipata.

#32 Njomba Original
Salfa yenyewe mwaka huu imefika lini kwenu Nanyamba? Kwetu imekuja ugonjwa wa ubwiri umeshakula maua.

#33 Mkulima Nanyamba
Usinitoneshe kidonda. Tukutane kwenye uzi wa korosho.

#34 Ticha wa Masasi
Turudi. Mimi nasema sababu si salfeti wala silabi. Sababu ni nusu karatasi. Darasa la kawaida mtoto ananakili ubaoni, mstari mzima wa a, mstari mzima wa e, daftari likijaa anachapiwa tiki. Kwa mara ya kwanza huyu kapewa karatasi akaambiwa weka chako, na kesho wenzake watasoma. Ukimpa mtoto msomaji ataandika hata kwa mkaa ukutani. Sentensi inaweza kuwa Naona, inaweza kuwa Nataka, yoyote.

#35 Fundi Maneno
Yoyote hapana. "Nataka" ina t na k, tayari umeongeza mzigo. Lakini la msomaji nakuunga mkono.

#36 Bibi wa Ruangwa
Wanangu hamjambo. Sisi zamani tuliandika mchangani kwa kidole, mwalimu anapita anafuta kwa kandambili. Sentensi ilikuwa moja, darasa zima, wiki nzima. Tuliipenda maana hata mjinga wa mwisho aliiweza. Mtoto akiweza kitu kimoja hatoroki shule. Huku msimu wa korosho ukifika wanatoroka wanaokota, wanaorudi ni wale ambao darasani kuna kitu wanakiweza. Mimi naona hapo ndipo penyewe.

#37 Njomba Original
Shikamoo bibi. Sasa hapa mimi nimeanza kuyumba.

#38 Msomaji wa Shangani
Madamu, kuna kipimo rahisi cha kumjibu mgeni wako. Andika Naona mbuzi kwenye ukanda wa boksi, ukate maneno mawili, umpe mtoto bila picha ayapange. Halafu umpe Naona peke yake amwulize mwenzake "hili ni lipi?" Halafu neno ambalo halimo kabisa, kama nanasi. Anayekariri atakwama mahali, na utajua wapi.

#39 Madamu wa Tandahimba
Nimelifanya hilo leo, kwa makundi. Naona wanaijua karibu wote, hata ikiwa peke yake, hata nikiiandika mchangani. Maneno ya pili ni mchanganyiko: kuku na ndoo wengi wanayatambua, mkorosho wanaangalia mwanzo tu. Nimeandika mkoba, wakapaza sauti "mkorosho!" Nanasi waliisoma wachache, wale wa silabi nzuri. Kuna kundi la nyuma ambalo bila picha hawana kitu, wanafuata sauti ya wenzao.

Halafu limetokea jambo. Mtoto mmoja, si mwepesi kwa silabi hata kidogo, karudisha karatasi haina picha. Chini kaandika: sioni kuku. Nikamwuliza kuku yuko wapi. Akasema, "Kaliwa."

#40 Ming'oko
😂😂 Mkeka wangu naukunja, nimeshiba.

#41 Fundi Maneno
Sioni! Haijawahi kuwemo kwenye kitabu. Kaondoa na, kaweka si, kabadilisha a ya mwisho ikawa i. Mgeni aitwe arudi.

#42 Mzee wa Chaki
Taratibu. "Sioni" ni neno la kila siku nyumbani. Huenda dada yake wa darasa la tatu kamfundisha kuliandika. Huenda kalinakili mahali. Karatasi moja haijengi hoja.

#43 Madamu wa Tandahimba
Kaandikia mbele yangu mzee, na ni mtoto wa kwanza kwao. Ila sawa, ni mmoja. Na bado nina lile kundi la nyuma, hao sina cha kujitetea.

#44 Ticha wa Masasi
Hao wa nyuma wakalishe mbele, uwape silabi za Mzee wa Chaki kwa maneno ya kitabu chao wenyewe. Nchumali ikate n-chu-ma-li, wagonge makofi manne. Halafu msumari, m-su-ma-ri, makofi manne vilevile. Watasikia tofauti masikioni kabla ya kuiona kwenye karatasi.

#45 Mzee wa Chaki
Hilo la makofi nalikubali, tulilifanya sana. Mengine sijashawishika. Madamu, wakimaliza mwaka wape imla ya maneno ambayo hayamo kwenye salfeti, uje utuwekee hapa matokeo bila kuchagua mazuri.

#46 Madamu wa Tandahimba
Imla nitawapa mzee wangu. Ahsanteni wote, mmenipa cha kumwambia mgeni na cha kufanyia kazi. Kitabu kijacho nafikiria "Nina".

#47 Fundi Maneno
Nina ni nzuri, n, i, a. Ila jiandae, watakuandikia "nina njaa" darasa zima.

#48 Mama Lulu Lindi
Nimejaribu Naona na Lulu jana usiku. Kaandika naona mama anatumia simu. Sina la kuongeza.

#49 Pwani Kilwa
Madamu, makapeni haifutiki salfeti ikilowa? Nataka kumtengenezea mwalimu wa mtaani kwetu na mvua zinakaribia.

#50 Mkulima Nanyamba
Chukua ile ya wino wa kudumu, wanayoandikia magunia ghalani, haitoki. Na salfeti ikijikunja ipige pasi ya mkaa kwa mbali, juu yake weka kitambaa, vinginevyo inayeyuka inanasa kwenye pasi.